Majina Chini ya Mabakuli

Jumanne, 3 Septemba 1996

Wanakitaka! Wanakitaka kitabu changu! Naandika haya nimesimama jikoni, maana kukaa siwezi, nimejaribu mara mbili.

Barua ilikuja saa nne asubuhi. Duane ndiye aliyeitoa kwenye sanduku pale barabarani, akaja nayo mpaka kwenye banda la kuchambulia matofaa, anaipunga juu kama bendera. "Mke wangu, barua ya mjini hii. Ama wamekukubali, ama wamekushtaki." Nikamnyang'anya. Nilisoma mstari wa kwanza nikapiga yowe mpaka mbwa akakimbilia chini ya trekta.

Anayeandika ni Bi. Priscilla Haan, mhariri wa shirika dogo la vitabu vya Kikristo huko Grand Rapids. Amesoma "Kona ya Mama," yale makala yangu ya jarida la kanisa, yote ya miaka kumi na moja. Anasema vitabu vya kulea watoto katika imani viko vingi, ila vingi vimeandikwa na watu ambao inaonekana hawajawahi kumfuta mtoto makamasi. Anataka mswada mwisho wa Oktoba. Na atakuja mwenyewe kwenye chakula chetu cha mavuno, Jumamosi tarehe 26, anisikie nikisoma mbele ya watu, kisha aamue. "Zaidi ya yote," ameandika, "natamani kumwona huyo Leanne wako."

Bila shaka! Nusu ya hadithi zangu ni za Leanne. Leanne wa miaka sita aliyeuma matofaa kumi na mawili ya sadaka ya mavuno, akayarudisha kwenye kapu kila moja limegeuzwa, pale alipouma pakatazama chini. Kisha akaungama mezani wakati wa sala ya chakula, na macho kafumba. Hiyo ndiyo sura ya tatu. Nikiisoma watu hulia kwa kucheka.

Na sasa ana miaka kumi na sita, na Jumapili ya tarehe 3 Novemba atasimama mbele ya kanisa na wenzake watatu kukiri imani yake kwa kinywa chake. Jamani, sura ya mwisho inajiandika yenyewe!

Alhamisi, 5 Septemba

Mvua. Kurasa nne.

Jumanne, 10 Septemba

Nimewaambia akina mama wa Jumanne. Tunakutana kwenye chumba cha chini cha kanisa, na katika miaka kumi na moja tumesoma vitabu ishirini na viwili vya malezi, viwili kila mwaka. Duane anasema nikikohoa inatoka sura. Verna Postma alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda. "Shoga, tutakuwa kwenye maduka! Utaniweka kwenye shukrani?" Nikamwambia ukurasa mzima.

Verna ndiye kichwa cha mnyororo wetu wa maombi. Orodha yake iko kwenye friji ya kila nyumba: mwenye shida humpigia Verna, Verna humpigia wa pili, wa pili humpigia wa tatu, mpaka nyumba ishirini na tatu. Baba mkwe wangu alipoanguka na ngazi, kanisa zima lilikuwa linaomba kabla gari la wagonjwa halijafika. Redio haifui dafu.

Jumatatu, 16 Septemba

Matofaa ya McIntosh yameanza kuwiva. Sura ya tisa imekwisha: "Mfanye mtoto akuamini." Nimeipenda sana. Nimeisoma kwa sauti jikoni na Leanne akapita akachukua biskuti mbili bila kusema kitu. Nadhani ni uchovu wa shule.

Jumamosi, 21 Septemba

Niandike pole pole.

Upepo ulitangazwa kwenye redio asubuhi, na McIntosh zikipigwa na upepo zinadondoka zote chini na kuishia kukamuliwa maji. Kwa hiyo tulitoka wote. Duane na wachumaji upande wa kaskazini, mimi na Leanne safu za karibu na nyumba. Yeye juu ya ngazi, mimi chini nachuma matawi ya mkononi. Nilikuwa nazungumza tu, kama kawaida yangu, habari ya gauni la tarehe tatu, la bluu ama la rangi ya maziwa.

Akasema, "Mama, sitasimama."

"Utakaa? Watasimama wote, mwanangu, ndiyo desturi."

"Mama. Sitakiri. Sijui kama naamini. Nimekaa nalo tangu kiangazi. Wakiniuliza yale maswali mbele ya watu nikajibu ndiyo, nitakuwa nimedanganya, na tena kanisani."

Niliona miguu yake tu kwenye ngazi, na soksi moja iliyoshuka. Mwishowe nikauliza, "Umemwambia nani?"

"Wewe tu. Na usimwambie mtu. Niahidi, Mama. Nitamwambia Mchungaji mwenyewe nikiwa tayari."

Nikaahidi. Nikasema, "Nakuahidi, kipenzi changu." Akashuka akaweka paji la uso begani kwangu kidogo, na mfuko wa matofaa katikati yetu, halafu akapanda tena.

Upepo ulikuja saa tisa. Tuliokoa karibu yote.

Jumapili, 22 Septemba

Ibada. Sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimempigia Verna.

Sikumtaja jina. Nataka hilo liandikwe. Nilisema, "Verna, weka ombi kwenye mnyororo. Kuna msichana mmoja wa miaka kumi na sita, ana mashaka ya imani, na mama yake moyo unamuuma. Jina lisitajwe." Verna akasema, "Oo, Arlys. Oo, mpenzi." Nikamwambia nimesema jina lisitajwe. "Halitajwi, shoga, halitajwi kabisa!"

Nilifanya nini kibaya? Kuomba si kusema. Mtoto akiwa na homa unaita daktari. Na hata sura ya tano yangu mwenyewe inasema mama asibebe mzigo wa mtoto peke yake, abebe na kanisa. Nimetulia sasa. Kwa kweli nimejisikia mwepesi, nikaandika kurasa sita.

Jumanne, 24 Septemba

Nimepata bakuli la viazi vya kuoka na jibini kutoka kwa mke wa mzee wa kanisa. Amelileta mwenyewe na kitabu juu yake. Kitabu ni cha kulea vijana waliopoa kiroho, jalada lina kondoo aliyepotea kwenye miiba. Ameniminya mkono akasema, "Hatusemi kitu."

Jumatano, 25 Septemba

Mabakuli mawili. Vitabu vitatu.

Alhamisi, 26 Septemba

Maharage mabichi ya kuoka. Kuku na tambi. Keki ya maboga. Kwetu chakula cha namna hii huja nyumba ikipata mtoto, au mtu akifanyiwa upasuaji, au akifa. Duane alifungua friji akasimama pale. "Kwani nani amezaa?" Nikasema ni upendo tu wa watu. Akanitazama hivi, akachukua keki akatoka nayo.

Vitabu sasa ni tisa, na kondoo yule wa miiba ameshakuja mara tatu. Mimi! Mimi ninayeandika kitabu, naletewa vitabu!

Ijumaa, 27 Septemba

Bakuli la saba. Nimeanza kuogopa.

Jumamosi, 28 Septemba

Amejua.

Mabakuli haya huandikwa majina. Kila mama hubandika kipande cha plasta chini ya bakuli lake la kuokea na kuandika jina lake, ili lirudi kwao. Sote tunafanya hivyo, hata mimi. Leo baada ya chakula cha mchana Leanne alikuwa anaosha vyombo, mimi napanguza. Akageuza la kwanza kulisugua chini. Akageuza la pili. Kisha akaacha kusugua, akayapanga yote saba juu ya kaunta kifudifudi, majina juu.

"Mama, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu."

Akaenda kwenye friji na mikono yake ya povu. Akaweka kidole kwenye orodha ya maombi. Postma. Akatazama bakuli. Vander Laan. Akatazama bakuli. Akashuka hivyo hivyo, jina kwa jina, na kila jina aliloligusa kwenye orodha lilikuwa na bakuli lake pale kaunta, kwa mpangilio ule ule waliopigiana simu. Povu lilitiririka kwenye karatasi mpaka wino ukavuja.

"Wangapi mpaka sasa? Saba? Au hawa saba ndio wanaojua kupika?"

"Sikutaja jina lako. Niliomba maombi tu, Leanne. Maombi!"

"Ulimwambia Verna."

"Nilisema msichana mmoja..."

"Msichana mmoja wa miaka kumi na sita!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. "Tuko wawili kanisa zima, Mama! Wawili! Na mwenzangu anaimba kwaya!"

Nikafungua mdomo nikamwambia kwamba nilifanya kwa sababu nampenda. Akakausha mikono yake vizuri sana, kidole kwa kidole, akaikunja taulo. "Sasa najua kwa nini Bibi Vander Laan alinipapasa shavu dukani. Nilidhani nina uchafu." Akatoka. Nilimwona dirishani anapita kati ya safu za miti, hakimbii, anatembea tu na mgongo wima, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumanne, 1 Oktoba

Sikwenda kwa akina mama. Nimesema nina mafua.

Ijumaa, 4 Oktoba

Amenichunia. Si kwamba amenuna, huyo aliyenuna ningemweza, sura ya sita yote ni ya mtoto aliyenuna. Huyu ananijibu kwa adabu. "Ndiyo, Mama." "Hapana, asante, Mama." "Chumvi hiyo hapo, Mama." Matofaa ya Jonathan yamekolea rangi nyekundu kama midomo ya wanamitindo, na mimi sioni uzuri wake.

Jumatatu, 7 Oktoba

Haya, nimeamua! Mimi si mtu wa kukaa nalia. Nina vitabu kumi na vinne mezani na miaka kumi na moja ya uzoefu. Mahali fulani humu kuna jibu, na nitalipata!

Jumatano, 9 Oktoba

Cha kwanza kinasema amka saa kumi na moja alfajiri umwombee mtoto nje ya mlango wake. Nimefanya. Leanne alifungua mlango akanikanyaga.

Alhamisi, 10 Oktoba

Cha pili, cha baba mmoja mwenye wana tisa, kinasema ng'oa mlango wa chumba cha kijana mkaidi mpaka atakapotii. Nilimuuliza Duane bisibisi iko wapi. Akauliza ya nini. Nikamwambia. Akasema, "Arlys, ukigusa mlango wa mtoto yule, mimi nitang'oa wa bafu." Nimekifunga kitabu hicho.

Jumamosi, 12 Oktoba

Cha tano kinasema andikianeni mapatano. Cha sita kinasema kumbatia mara nane kwa siku. Nilifika mara moja na nusu.

Duane alikula chakula chake, halafu akauliza kama humo kuna sura inayozungumzia mume aliyekula viazi vya jibini siku kumi na nane. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikawa nalia tu. Akavuta kiti chake karibu. Nikamwambia yote, ya ngazi, ya ahadi, ya Verna. Alikuwa ameshayasikia kwa mwuza mbolea. Mwuza mbolea!

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie," akasema. "Nyie ndio wenye habari."

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemaliza vyote kumi na vinne. Vyote vina sura ya mtoto aliyedanganya, mtoto aliyeasi, mtoto aliyevunja imani ya wazazi. Nimetafuta kwenye faharasa, nimetafuta kwenye yaliyomo. Hakuna kimoja chenye sura ya mzazi aliyemvunjia mtoto ahadi.

Nikatoa mswada wangu nikatafuta humo pia. Kurasa mia moja na tisini. Hakuna. Sura ya tisa, "Mfanye mtoto akuamini," ina hatua saba, na ya nne inasema, "Siri ya mtoto itunze kama unavyotunza mtoto mwenyewe." Nimeandika hayo tarehe 16 Septemba. Nimeiona tarehe hapo pembeni. Siku tano tu, jamani. Siku tano tu baadaye nilipewa siri, na sikumaliza nayo siku mbili.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kuna theluji nyembamba ya alfajiri kwenye majani. Matofaa ya Ida Red yanavumilia.

Baada ya shule nilimfuata Leanne kwenye banda la kuchambulia. Nilikuwa nimejiandaa, roho inanidunda kwa furaha kabisa, maana nilijua sasa kosa langu ni lipi na nilijua ninachotaka kusema. Nikasema: "Leanne, nimekukosea. Uliniomba jambo moja, nikakuahidi, nikaenda kulitoa kwa simu na kuliita maombi. Haikuwa maombi. Niliogopa, na nilitaka watu wanihurumie mimi. Nisamehe."

Hakuacha kuchambua. Kubwa huku, dogo huku, lenye kovu huku. Halafu akauliza, pole pole, bila hasira:

"Hii itakuwa sura ya ngapi?"

Mfukoni mwa aproni yangu kulikuwa na karatasi. Nilikuwa nimeandika maneno yale ya kuomba radhi kabla ya kutoka nyumbani, ili nisiyasahau. Na juu ya karatasi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaipa kichwa cha habari. "Mama anapopiga magoti." Sura ya kumi na sita.

Aliiona. Nilikuwa nimeishika.

"Kila mwaka, Mama," akasema. "Kila mavuno. Watu wazima wananisimamisha kanisani, 'Leanne, bado unauma?' Nina miaka kumi na sita. Nilifanya kitu siku moja nikiwa mdogo, nikatubu, na Mungu kasamehe kasahau. Wewe umekiandika mara tano."

Nilichukua upande wa pili wa meza nikachambua naye mpaka kasha likajaa. Karatasi nimeichoma jikoni.

Jumapili, 20 Oktoba

Leo ni siku ya mapumziko na nimefanya kazi kuliko siku yoyote. Nimepitia mswada na kalamu nyekundu. Kila penye Leanne, nje. Matofaa ya sadaka, nje. Alipomuuliza Mchungaji kama Mungu ana bibi, nje, ingawa ile nilikuwa naipenda mno. Meno yake ya kwanza, ndoto zake, ile surua, nje nje nje.

Zimebaki kurasa arobaini na moja. Nimepeleka lile rundo lingine chumbani kwake, nikabisha hodi, nikangoja mpaka akasema ingia. "Hizi ni zako," nikamwambia. "Ni hizi tu, nakala nyingine hakuna. Choma, tunza, fanya upendavyo." Akaziweka kitandani bila kuzitazama. Akasema asante. Ilikuwa asante ya namna nyingine kidogo, au labda najidanganya.

Alhamisi, 24 Oktoba

Bi. Haan amepiga simu. Hawezi kungoja Jumamosi! Atakaa meza ya mbele. Sikumwambia. Mwoga mimi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Ukumbi ulijaa. Nyama ya nguruwe, viazi, kabichi nyekundu, maji ya matofaa ya moto kwenye mapipa mawili. Mama mkwe wangu, Bibi Alida, kaketi katikati na mkoba wake wa pipi za mnanaa. Bi. Haan ni mdogo kuliko nilivyodhani, ana suti ya zambarau na kicheko kikubwa, nilimpenda papo hapo, na hilo ndilo lililonitesa. Alimtafuta Leanne kwa macho tangu mlangoni. Leanne alikuwa anapita na jagi, anawamiminia watu.

Nilipoitwa tu, Verna akapaza sauti kutoka nyuma: "Soma ile ya matofaa yaliyoumwa!" Watu wakapiga makofi. Mwingine akadakia, "Leanne, njoo usimame na mama yako!"

Leanne alisimama pale pale na jagi lake. Hakunitazama kwa kunisihi. Alinitazama kama mtu anayengoja basi ambalo mara nyingi halisimami.

Nikasema, "Ile siisomi. Ile si yangu, ina mwenyewe."

Nikasoma yangu. Nilisoma ile siku nilipojifungia kwenye stoo ya chakula nikala keki nzima ya cheri kwa mikono, huku mtoto analia upande wa pili, nikamwambia Mungu achague, ama amlaze yeye ama anichukue mimi. Nilikuwa sijawahi kuisoma kwa mtu. Dakika saba. Walicheka mahali pawili, na si sana. Bibi Alida peke yake ndiye aliyecheka mpaka akakohoa. "Mimi ilikuwa keki ya njugu," akasema kwa sauti, na miaka ishirini ya ukwe wetu sikuwahi kuambiwa hilo.

Baadaye Bi. Haan alinifuata jikoni, na zile kurasa arobaini na moja nilizomkabidhi mkononi. "Dada Arlys, umeandika vizuri. Lakini mbona hizi tu? Leanne yuko wapi?"

"Nimemtoa."

"Basi umekiondoa kitabu chenyewe. Nakuambia kwa upendo. Watu hawanunui ushauri, wananunua yule mtoto. Mrudishe, hata kwa jina lingine. Msichana mmoja, tuseme."

Msichana mmoja! "Hilo nimeshalijaribu," nikasema. "Kila mtu alimjua."

Akakunja midomo, akaniambia atazungumza na wenzake ila nisiweke matumaini. Nilipogeuka, Leanne alikuwa kwenye sinki na rundo la mabakuli. Sijui alisikia kiasi gani. Aligeuza moja, akasoma chini, akampa mwenyewe aliyekuwa akipita. "La kwako hili, Bibi Postma." Verna alilipokea kwa mikono miwili, akatazama jina lake chini.

Jumatatu, 28 Oktoba

Leanne amekwenda kwa Mchungaji peke yake. Amekaa saa nzima. Amerudi na mashavu mekundu ya baridi akala sahani mbili. Sikuuliza. Niliuma ulimi mpaka ukauma kweli.

Jumapili, 3 Novemba

Walisimama watatu.

Leanne alikaa nasi, benchi letu la siku zote, gauni lake la kawaida la kijivu. Maswali yakaulizwa, wakajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila jibu vichwa viligeuka kidogo kutazama kwetu kama alizeti. Nilikaa wima. Sikulia, sikumshika mkono, sikuweka uso wa kuhurumiwa, maana uso ule naujua sasa, nimeuvaa mwezi mzima.

Mahubiri yalipofika sehemu ya pili Bibi Alida alifungua mkoba, kama kila Jumapili tangu enzi na enzi, pipi ya mnanaa ikapita kwa Duane, ikapita kwangu, nikampa Leanne. Ilikuwa ya mwisho. Akaiuma katikati, akanirudishia nusu.

Jamani, nusu ya pipi! Sijawahi kushiriki meza takatifu zaidi ya ile, na kama ni kufuru basi nimekufuru.

Jumanne, 5 Novemba

Barua fupi kutoka mjini. Wanashukuru. Hawatakitoa. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia kilio cha haki, dakika ishirini kwa saa ya Duane, kisha nikaenda kwa akina mama wa Jumanne. Nimependekeza mwaka ujao tusisome kitabu chochote. Verna aliuliza tutafanya nini sasa. Nikasema labda tuulize watoto.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimerukwa na akili! Naandika haya na koti bado mwilini!

Matofaa ya Northern Spy ndiyo ya mwisho siku zote, miti kumi na miwili tu kule juu. Leanne kwenye ngazi, mimi chini. Theluji ilianza saa nane, ile nyepesi isiyokaa. Sikuzungumza habari za gauni wala za chochote, nilichuma tu. Kisha juu ya kichwa changu akasema, "Mama. Nina jambo."

Akaniambia.

Nilishika ngazi kwa mikono miwili. Nilimuuliza maswali mawili, akajibu, tukacheka, nikalia, akaniambia nisilie matofaa yatalowa. Akasema, "Usimwambie mtu." Nikasema, "Hata baba yako?" Akasema, "Baba nitamwambia mwenyewe." Hakuniomba niahidi. Nami sikuahidi. Tuliendelea kuchuma.

Tulipoingia ndani simu ilikuwa inalia. Verna, anapiga simu nyumba kwa nyumba kukusanya maombi ya wiki. "Vipi kwenu, shoga? Kuna lolote?" Leanne alikuwa mlangoni anavua buti, na alikuwa amesimama na buti moja mkononi, hamalizi.

"Hakuna, Verna."

"Mbona unahema? Sauti yako kama ya mtu mwenye habari."

"Nimetoka kuchuma Northern Spy. Tumejaza makasha manane."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Buti la pili likadondoka chini. Akapita nyuma yangu kwenda kuweka maji jikoni, na alipopita alinivuta kamba ya aproni ikafunguka, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka sita.

Nataka kuliandika. Ni kubwa, na kalamu inanikimbia mkononi, na ukurasa uko wazi hapa, na shajara hii hakuna aisomaye ila mimi. Ningejaza kurasa ishirini.

Makasha manane ya Northern Spy. Theluji kidogo kuanzia saa nane. Leanne alipanda, mimi nilishika ngazi.